Boksi la spika la besi kwa elfu thelathini

Najua ni wiki nyingi sijaandika, na najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msiniandame. Leo nina jambo jingine ambalo limeninyima usingizi na kunila pesa tangu mwezi wa nne: namna ya kununua boksi la spika la gitaa la besi, lililotumika, kwa bajeti ya mtu ambaye bado anakatwa mkopo wa HELB kila mwisho wa mwezi.

Kwa wale wageni hapa: mchana mimi huandika programu za malipo, nikifanyia kazi nyumbani kwa wazazi wangu hapa Mombasa. Jioni na wikendi napiga besi kwenye bendi ya watu watano. Harusi, mahafali, Jumapili kanisani, popote tunapoitwa. Besi sikujifunza shuleni, nimefunzwa na Baba. Yeye alipiga kwenye bendi za hoteli za pwani ya kusini miaka ya themanini na tisini, mpaka ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilipowakimbiza watalii na hoteli zikaanza kuwaachisha watu kazi. Mimi nilizaliwa mwaka huo huo. Hupenda kusema kwamba mwaka ule alipata mdomo mmoja zaidi wa kulisha na kupoteza bendi moja.

Amplifaya nilikuwa nayo tayari. Ni ndogo, ukubwa wa kamusi nene, inatoa wati 300 kwa omu 4 na wati 180 kwa omu 8. Nyuma yake imeandikwa wazi kwamba isiunganishwe na kitu chochote kilicho chini ya omu 4. Yakumbukeni maandishi hayo, maana mimi niliyasahau.

Kilichokosekana ni boksi. Nikampata jamaa mmoja Kongowea aliyekuwa nalo, jeusi, limevishwa zulia, spika mbili za inchi 12, na kibandiko cha fedha kinachosema WATI 1,200. Elfu kumi na nane. Mimi mtu wa kompyuta, mwenye digrii, mtu ambaye kazini hukataa kuamini namba yoyote isiyopimwa, nikaamini kibandiko. Sikufungua. Sikupima. Nililipa kwa M-Pesa nikaita tuktuk.

Harusi iliyofuata ilikuwa Kisauni. Baba alikuja, akaketi mstari wa mbele karibu na spika zangu kama afanyavyo siku zote. Wimbo wa kwanza besi ilisikika kama mtu anayesogeza meza chumba cha pili. Nikaongeza. Wimbo wa pili nikaongeza tena. Wa tatu ndio ule wa kuwaingiza maharusi, na katikati ya ukumbi, bibi harusi akiwa hatua ya nne au ya tano, amplifaya ikazima. Kimya. Taa nyekundu. Nikaiwasha, ikacheza nusu dakika, ikazima tena. Besi ni kama chumvi kwenye mchuzi, hakuna anayeitaja mpaka ikose. Wapiga vigelegele walinyamaza, kila mtu akageuka kuangalia jukwaani, na mimi nimeinama nyuma ya kisanduku nikigusa waya bila kujua ninachotafuta. Tulilipwa pungufu. Tarehe nyingine tuliyokuwa tumeahidiwa na familia hiyo hiyo, tukaikosa.

Njiani kurudi, Baba alisema jambo moja tu: "Mwanangu, mimi hata kabla haijazima nilikuwa sikusikii."

Kesho yake nikafungua lile boksi kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na wufa mbili za gari. Ndiyo, zile za kutia kwenye buti. Kila moja omu 4, zimeunganishwa sambamba, yaani jumla omu 2. Amplifaya yangu ilikuwa ikivutwa umeme mara mbili ya ile iliyotengenezwa kuutoa, ikapata joto, ikajizima ili isiungue. Kwa kweli ilikuwa na akili kuniliko.

Lakini omu 2 ni nusu tu ya hadithi, na nusu ya pili ndiyo ambayo watu wengi hawaijui. Wati hazisemi boksi litapiga kelele kiasi gani. Wati kwenye kibandiko (hata kama ni za kweli) zinasema boksi linaweza kuvumilia moto kiasi gani kabla ya kuungua. Kelele inaamuliwa zaidi na kipimo kingine, unyeti: ukiipa spika wati 1 na kuipima ukiwa mita 1, inatoa desibeli ngapi? Wufa ya gari mara nyingi hucheza kwenye 86 au hapo karibu, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya chumba kidogo kilichofungwa vioo, na amplifaya za gari zina nguvu nyingi za bei rahisi. Spika ya inchi 10 au 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa inaweza kufika 97. Tofauti ya desibeli 11 inaonekana ndogo. Sasa fanya hesabu: kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na mara kumi unapata 10. Kwa hiyo wati zangu 300 zilizokuwa zikimwagwa kwenye wufa za gari zilitoa kelele ambayo spika ya jukwaa ingeitoa kwa wati kama 24. Yaani nilibeba amplifaya ya wati 300 mpaka Kisauni ili nisikike kama wati 24, tena nikiiunguza.

Niliuza lile boksi kwa elfu tisa kwa kijana wa matatu. Kwenye matatu linapiga vizuri sana, nimelisikia mara mbili likipita barabarani. Kila kitu kina mahali pake.

Basi nikaanza upya. Bajeti elfu thelathini, usafiri ndani yake. Hizo elfu thelathini zilikuwa za betri ya laptopu yangu, ambayo sasa inakaa dakika arobaini tu na hapa kwetu umeme hukatika unavyopenda, kwa hiyo nilijua kwamba nikikosea tena sitakuwa na boksi na sitakuwa na kazi pia. Safari hii nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo: nikasoma kabla ya kufungua simu ya kutuma pesa.

Kuna mambo machache niliyoyapata ambayo yalinibadilisha mawazo. La kwanza ni kwamba uzi wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Nilidhani boksi zuri ni lile linaloshuka mpaka hapo. Kumbe hata yale makubwa yanayosifiwa duniani hayashuki kikamilifu. Ampeg walipotoa amplifaya yao ya SVT mwaka 1969, wati 300 za taa za valvu, waliipa maboksi yenye spika nane za inchi 10 yaliyofungwa kabisa bila tundu la hewa, na boksi la aina hiyo linaanza kulegea kabla halijafika 50 Hz. Hakuna aliyelalamika. Sababu ni kwamba ukipiga E, sauti nyingi tunayoisikia iko kwenye 82 na 123 na kupanda, na ubongo unajijazia wenyewe ile ya chini. Kwa hiyo usimkimbilie muuzaji anayekuambia boksi lake "linashuka mpaka 30". Muulize kwa desibeli ngapi, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

La pili ni sheria inayoitwa sheria ya chuma ya Hofmann, ambaye ndiye H katika kampuni ya spika ya KLH ya Marekani. Inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini, kelele nyingi kwa wati chache, chagua mawili, la tatu utalikosa. Wenzangu wa programu mnaijua sheria hii kwa sura nyingine, haraka, rahisi, na bora. Ile wufa ya gari ilichagua udogo na besi ya chini. Mimi nilihitaji kelele, na nilikuwa tayari kubeba boksi kubwa. Mgongo wangu una miaka ishirini na minane, bado unafaa.

La tatu ni kuhusu kubadilisha spika. Mafundi wetu ni hodari, lakini wengi wakiona tundu la inchi 15 wanatia spika yoyote ya inchi 15. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baadaye Richard Small miaka ya sabini, waliandika hesabu za namna spika na boksi lenye tundu la hewa vinavyofanya kazi kama kitu kimoja: ujazo wa ndani, urefu wa tundu, ulaini wa koni, nguvu ya sumaku. Ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila muuzaji likawa: spika zilizomo ni zile zile zilizotoka kiwandani?

Kuhusu omu, niliamua mapema kwamba nataka boksi la omu 8. Ndiyo, kwa omu 8 amplifaya yangu inatoa wati 180 badala ya 300, lakini hiyo ni tofauti ya desibeli 2 na kidogo, sikio la mgeni wa harusi haliioni. Faida yake ni kwamba siku nikipata pesa naongeza boksi la pili la omu 8, yote mawili yanakuwa omu 4, na hapo napata wati zote na spika mara mbili. Ukinunua la omu 4 leo umefunga mlango. Ukiongeza la omu 8 juu ya hilo la 4 unapata 2.67, na tayari nimewaeleza kilichotokea Kisauni.

Nikajiandalia mkoba. Ndani yake mlikuwa na multimita, bisibisi mbili, betri ya volti 9, tochi, waya wa spika (siyo waya wa gitaa! waya wa gitaa ni mwembamba, umetengenezwa kwa ishara ndogo, ukiutumia kwenye spika utapata joto), na amplifaya yenyewe. Kwenye simu nilikuwa na faili moja la sauti. Niliandika programu ya Python, mistari kama ishirini, inayotengeneza mlio mmoja safi unaoanza 40 Hz na kupanda polepole mpaka 400 kwa muda wa sekunde 90. Muziki unaficha makosa. Mlio safi hauna pa kuficha: koili ikikwaruza, gundi ikiwa imeachia, skrubu ikiwa imelegea, unasikia hapo hapo, na kwa kuwa najua ni sekunde ya ngapi, najua ni Hz ngapi. Tahadhari moja: boksi likiwa na tundu la hewa, zile za chini kabisa uzipige kwa sauti ndogo, kwa sababu chini ya kiwango cha tundu lile koni inakosa hewa ya kuizuia na inaweza kujirusha mpaka ikajiumiza.

Boksi la kwanza nililoenda kuliona lilikuwa Changamwe, kwenye kanisa lililokuwa limenunua vyombo vipya. Spika moja ya inchi 15, omu 8, elfu ishirini na mbili. Kwa macho lilikuwa zuri kuliko yote. Mita ilisoma 5.9, na hiyo ni sawa. Spika ya omu 8 hutoa chini kidogo ya hapo ukiipima kwa mita, kwa kawaida kati ya 5.5 na 7, usishtuke. Nikasukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande mbili kwa usawa. Nikahisi kitu. Siyo sauti, ni kama mchanga kidogo. Nikapiga mlio wangu na ilipofika karibu na 90 Hz boksi likaanza kukohoa. Nikakaza skrubu zote, nikabana wavu wa mbele kwa kiganja, bado. (Wavu ukiwa ndio unaopiga kelele, ukiubana kelele inakatika. Hiyo siyo hasara, ni skrubu ya shilingi kumi.) Nikanusa kwenye tundu la hewa: harufu ya kuungua, ya zamani. Yule kijana wa vyombo aliyekuwa akinionyesha aliniangalia nikinusa boksi la kanisa akaniuliza kama niko sawa. Kumbe koili ilikuwa imeshaungua ikazungushwa upya na fundi, na haikukaa katikati. Nikamshukuru nikaondoka. Njiani nilijisikia kama shujaa, nikanunua mahamri.

La pili lilikuwa la spika mbili za inchi 10, jepesi sana, sumaku za neodimiamu, kilo kama kumi na tano tu. Nililipenda. Elfu hamsini na tano. Tuendelee.

La tatu lilikuwa Ukunda. Mzee mmoja aliyewahi kupiga kinanda kwenye hoteli za Diani alikuwa na boksi la spika nne za inchi 10, pamoja na twita. Hoteli aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa ikiwa inamdai, samahani, yeye ndiye aliyekuwa anaidai mishahara, na badala ya pesa akapewa vyombo. Alikuwa akitaka elfu thelathini na nane. Nilimwambia kwenye simu ukweli wangu, kwamba sina hizo. Akasema, "Njoo ulione kwanza, kijana. Kuona hakulipiwi."

Tukavuka feri na rafiki yangu mpiga ngoma, na Probox ya mjomba wake. Nyumba ya mzee iko karibu na bahari, na hewa ya bahari haina huruma na chuma. Wavu wa mbele ulikuwa umekula kutu mpaka rangi ya kahawia. Mbao zilikuwa plaiwudi nzuri, hazikuvimba. Kama ingekuwa ubao wa vumbi ungekuwa umeshafumuka kama andazi. Kingo za koni zilikuwa za kitambaa kilichokunjwa, siyo za sponji. Sponji kwenye joto na unyevu wetu huoza yenyewe baada ya miaka, hata ukiiweka tu bila kuipiga. Nyuma palikuwa na kibandiko cha kiwanda: omu 8.

Shikamoo, marahaba, chai, habari za Mombasa, mzee kwenu wapi, baba yako nani. Nilipomtaja Baba alifikiri kidogo akasema sura anaikumbuka, jina hapana. Kisha nikatoa mita.

Ikasoma 12.

Nikapima tena. 12. Mzee akasema boksi linalia vizuri, akaniwashia redio yake kupitia kiamplifaya chake, na kweli lilikuwa linalia. Mpiga ngoma akaniangalia kama kusema, sasa wewe unataka nini? Lakini hebu fuateni hesabu hii, kwa sababu ndiyo iliyolipia safari. Boksi la spika nne zenye omu 8 kila moja, ili jumla ibaki omu 8, huunganishwa hivi: mbili zinafuatana, mbili nyingine zinafuatana, kisha jozi hizo mbili zinawekwa sambamba. Kwa mita kila spika ni kama 6. Jozi moja ni 12. Jozi mbili sambamba ni 6. Nikisoma 12 maana yake jozi moja haipo kwenye hesabu. Na kwa kuwa spika za jozi zinafuatana kama shanga kwenye uzi, ikikatika moja na mwenzake ananyamaza. Spika mbili zilikuwa zikilia, mbili zimekaa kimya kama abiria.

Nikamwomba mzee aweke kiganja mbele ya kila spika redio ikilia. Juu mbili, upepo. Chini mbili, hakuna kitu. Alirudia mara tatu. Alisema kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii?" Sijui ni miaka mingapi alikuwa akilipiga hivyo.

Sikutaka kumlalia. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi: huenda spika moja imekufa, kuipata mpya ya inchi 10 inayolingana na hizi nyingine si kazi ndogo, na itanigharimu kama elfu kumi hivi au zaidi. Tulipatana elfu ishirini na sita. Nilipiga mlio wangu kwenye zile mbili nzima, zikapita safi mpaka 400. Tulilibeba wawili, kilo arobaini na kitu, tukalilaza kwenye Probox. Mafuta na feri vilinichukua elfu mbili na ushee. Nilibaki na elfu moja na mia saba mfukoni, nikijua bado nina spika ya kununua.

Jioni ile nililifungua barazani. Spika ya chini kushoto niliitoa kwanza, nikaipima peke yake: 6.1. Nzima. Nikajua basi ni ya kulia. Nikaitoa. 6.0. Nzima pia.

Nilikaa pale chini na spika mbili nzima mapajani. Kisha nikamulika tochi ndani. Waya uliotoka kushoto kwenda kulia ulikuwa umechomekwa kwa kile kibanio bapa cha shaba, na kibanio chenyewe kilikuwa kijani kibichi, kijani cha chumvi ya bahari. Nilipokigusa kilidondoka. Nikakata ncha, nikasugua kwa msasa, nikatia lehemu, nikarudisha kila kitu. Nikagusisha betri ya volti 9 kwenye soketi kwa sekunde moja: koni zote nne zikatoka nje kwa pamoja, ishara kwamba hakuna iliyounganishwa kinyume. (Ikiwepo moja inayorudi ndani huku nyingine zinatoka, zinafutana sauti, na utalaumu kila kitu isipokuwa hiyo.) Mita: 6.1. Dakika kumi na tano za kazi na kipande cha msasa.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilikuwa nimempunguzia mzee elfu kumi na mbili kwa sababu ya spika iliyokufa, na hapakuwa na spika iliyokufa. Mpiga ngoma alisema kwenye simu kwamba biashara ni biashara, kila mmoja aliangalia kitu kile kile na wote wawili tuliamini kile kile. Sikuona kosa katika maneno yake. Ningekuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia kwa mara ya pili, nani angenirudishia? Yule wa Kongowea hapokei simu zangu mpaka leo. Lakini nilikuwa naendelea kumwona mzee na kiganja chake mbele ya ile spika, mara tatu.

Baba aliniuliza swali moja tu, "Umemwambia?" Akaingia ndani kuangalia taarifa ya habari, ambayo siku hizi nyumbani kwetu husikika mpaka kwa jirani.

Nilingoja tukalipwa harusi iliyofuata, nikampigia mzee na kumweleza kila kitu, mpaka rangi ya kile kibanio. Nikamtumia elfu sita, nusu ya ile tofauti. Alicheka sana. Baada ya muda simu ikalia ujumbe wa M-Pesa, amenirudishia elfu mbili, na akapiga kusema hizo ni za nauli: ana boksi jingine analotumia mwenyewe, nije na ile mita yangu. Betri ya laptopu bado sijanunua. Nikikatikiwa na umeme katikati ya kikao cha kazi, mtajua ni kwa nini.

Kuhusu sauti, nitasema kidogo tu maana maneno hayaipigi. Amplifaya yangu ile ile, kwa wati 180, haijawahi kufika nusu ya kitasa. Haipati hata joto. Kwenye harusi ya Bamburi mpiga gitaa aliniomba nipunguze, jambo ambalo sikuwahi kuambiwa maishani mwangu.

Siku ya kwanza nilipolimaliza pale barazani, kabla ya harusi yoyote, nilimwita Baba alijaribu yeye kwanza. Alileta stuli, akalikalia karibu kabisa, goti limegusa mbao. Alipiga mwendo wa zamani wa rumba, ule wa kuacha nafasi nyingi kuliko noti, na madirisha yakaitikia. Alifumba macho. Alipiga kama dakika kumi bila kusema neno. Kisha akainama, akazungusha kile kitasa kidogo cha twita mpaka mwisho, akapiga tena noti za juu, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Lingine lote zuri," akasema. "Ila hiyo twita imekufa."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake. Twita ilikuwa ikilia "sssss" waziwazi, na kila alipotelezesha kidole kwenye uzi nilisikia mkwaruzo wake kama kisu kwenye sahani. Mama alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Akaniangalia mimi, kisha akaangalia sakafu.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Nitaitazama."

Akasema si haraka, kwamba enzi zao hawakuwa na twita na watu walicheza. Akaendelea kupiga, goti likiwa bado limeegemea boksi.